Uzi maalumu: kufunga na kutumia redio ya ham kwenye gari, Mombasa na viunga vyake

#1 Mzee wa Simpleksi

Salamu wote. Uzi huu ni wa wenye leseni ya redio ya ham (redio ya wapenzi, isiyo ya biashara) ya Mamlaka ya Mawasiliano au walio njiani kuipata. Nakala ya leseni yenye kolsaini yako (jina lako la hewani), ile inayoanza na 5Z4, ikae ndani ya gari. Askari wa kizuizini akiona maiki na antena ndefu atauliza, na ukiwa Likoni au karibu na Kilindini atauliza mara mbili.

Mtu akifunga redio ya wati 50 kisha asisikike, lawama ya kwanza huenda kwa redio. Kwa magari ya huku pwani, redio iwe ya mwisho kushukiwa. Anza na waya wa umeme, halafu mahali antena inaposhika bodi, halafu chumvi.

Tupige hesabu ya waya. Redio ya wati 50 ikirusha hula ampea 10 hadi 12. Kutoka betri hadi chini ya dashibodi ya Probox au Fielder, ukifuata kona zote, ni kama mita 4. Umeme huenda na kurudi, kwa hivyo hesabu mita 8. Waya wa shaba wa 4 mm (yaani milimita 4 za mraba) utapoteza volti 0.42 kwa ampea 12. Wa 2.5 utapoteza 0.67. Wa 1.5, ule wa taa za nyumbani, utapoteza volti 1.1. Redio nyingi huandikwa volti 13.8, kupungua au kuzidi kwa asilimia 15, yaani zisishuke chini ya 11.7. Gari likiwa limezimwa, betri ina 12.4 na waya wako ni wa 1.5, ukibonyeza maiki redio inapata kama 11. Dalili zake mnazijua: skrini inafifia, sauti inakatikakatika, au redio inajizima na kujiwasha.

Kwa hivyo: wati 50, waya wa 4 mm wenye nyuzi nyingi laini. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene hauvumilii mtikisiko, hukatikia ndani pale unapopinda na kwa nje hutaona kitu. Redio ya HF (masafa ya chini ya 30 MHz) ya wati 100 hula ampea 20 na zaidi, chukua wa 6 mm.

Tahadhari na seti za waya za amplifaya za muziki. Nyingi ni alumini iliyopakwa shaba. Kwaruza kwa kisu: ndani ikiwa nyeupe, upinzani wake ni zaidi ya mara moja na nusu ya shaba, na hewa yetu ya chumvi huila kuanzia kwenye ncha.

Fyuzi ya chanya iwe ndani ya sentimita 15 hadi 20 kutoka kichwa cha betri. Fyuzi hiyo inalinda waya. Ukiiweka karibu na redio, mita nne za waya zinapita kwenye mabati ya injini bila kinga, na siku ganda likichubuka ni moto. Ampea 15 inatosha kwa wati 50. Chukua kishikio cha fyuzi bapa chenye kifuniko cha mpira, sio cha fyuzi ya glasi, kwa sababu springi za kile cha glasi hushika kutu, upinzani unapanda, kishikio kinayeyuka na fyuzi yenyewe nzima.

#2 Kijana wa Mikindani

Maalim, kwani tundu la kiberiti cha sigara lina ubaya gani? Lina fyuzi ya ampea 15 tayari.

#3 Mzee wa Simpleksi

Fyuzi ni 15 lakini waya nyuma yake ni mwembamba, na kile kidude cha katikati kinashikilia kwa springi tu. Kwa redio ya mkononi au wati 5 hadi 10, tumia. Kwa 50, shika ile plagi baada ya kurusha dakika mbili, joto lake litakujibu.

#4 Fundi Waya

Nyongeza kwenye upande wa hasi, maana hapa ndipo wengi hubishana.

Desturi ya zamani ilikuwa kupeleka waya zote mbili hadi vichwa vya betri, kila mmoja na fyuzi yake. Kwa gari kuukuu bado ni sawa. Lakini angalia kichwa cha hasi cha gari lako. Kikiwa na kijisanduku cha plastiki chenye waya mwembamba, hicho ni kipima chaji. Ukiunga redio moja kwa moja kwenye kichwa, umeme wa redio unakipita kando na kompyuta ya gari inahesabu chaji kimakosa. Unga hasi ya redio pale waya mnene wa hasi unapofungwa kwenye bodi, upande wa pili wa kipima. Kwangu mimi, hata gari lisilo na kipima nafunga hapo hapo.

Rangi lazima itoke. Kwaruza kwa msasa hadi bati ling'ae, weka lagi ya pete na washa ya meno, kaza, kisha paka grisi juu ya kiungo kizima. Ukipaka rangi au grisi nyingi kabla ya kukaza unajitengenezea tatizo.

Na kwa nini fyuzi ya hasi ukienda hadi betri? Waya mnene wa injini kwenda bodi ukilegea au ukiliwa na kutu, stata itatafuta njia nyingine ya kurudi, na njia yenyewe itakuwa kebo ya antena yako na waya wa hasi wa redio. Hizo ni ampea mia na zaidi.

Kupitisha waya: usitoboe ukuta wa injini kabla ya kutafuta raba kubwa ambayo nyaya za gari zinapitia tayari. Toboa raba hiyo kwa bisibisi nyembamba, pitisha, ziba kwa silikoni. Nguzo za kando ya kioo cha mbele zina mifuko ya hewa ya usalama kwenye magari mengi ya siku hizi. Kebo isipite mbele ya mfuko wala kufungwa pamoja nao. Ipite nyuma yake, au ishukie kwenye kizingiti cha mlango.

#5 Bi Mkubwa 145

Fundi amesema yote isipokuwa kipimo. Weka mita ya volti kwenye plagi ya redio yenyewe, sio kwenye betri. Soma ukiwa unapokea, soma ukirusha. Tofauti ikizidi nusu volti, tafuta inakopotelea: ncha moja ya mita kwenye kichwa chanya cha betri, nyingine kwenye chanya ya redio, rusha. Halafu upande wa hasi vivyo hivyo. Upande wenye namba kubwa ndio wenye kiungo kibaya. Kazi ya dakika tano, na wengi huiruka wakaenda kununua redio mpya.

#6 Nyali FM

Tuje kwenye antena. Nina kitako cha sumaku cha inchi tano na antena ya tano-ya-nane (urefu wake ni tano kwa nane za wimbi). Wengine wananiambia nitoboe paa. Semeni ukweli.

#7 Bi Mkubwa 145

Ukweli ni kwamba paa lililotobolewa ni bora na sumaku inatosha. Yote mawili.

Antena ya robo wimbi ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni bati la paa. Kwenye 145 MHz, yaani bendi yetu ya VHF ya mita 2, robo wimbi ni kama sentimita 49, kwa hivyo unataka bati la sentimita 49 kila upande, na mahali pekee penye bati hilo ni katikati ya paa. Ukiweka pembeni ya buti au kwenye bampa, mawimbi yanaegemea upande mmoja, na mtu aliye upande wa pili atakwambia unasikika kama uko ndani ya kisima.

Sumaku haigusi bati, kuna rangi katikati. Inashika kwa uwezo wa kondensa kati ya kitako na paa, na kwenye 145 hilo linafanya kazi vizuri. Kwenye HF haifanyi, usijaribu.

Ubaya wa sumaku huku ni chumvi na mchanga. Chembe za mchanga huingia chini yake, gari likitikisika zinasaga rangi, chumvi inafuata, na ndani ya msimu mmoja una duara la kutu juu ya paa. Inua kila wiki, futa kitako na paa kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, kausha, rudisha. Ukiinua shika kitako, usivute kwa fimbo wala kwa kebo.

Ukiamua kutoboa, kishikio cha NMO (kitako cha antena cha kufungwa kwenye tundu) kinataka tundu la milimita 19. Shusha kitambaa cha dari kwanza, hakikisha hakuna mbavu ya bati wala waya wa taa, kisha tumia msumeno wa tundu wenye kizuizi cha kina. Vumbi la chuma lifyonzwe lote siku ile ile, ukiliacha juu ya rangi usiku mmoja, asubuhi una madoa ya kutu.

Tano-ya-nane, kama mita 1.3, inasaidia ukiwa barabara wazi kuelekea Mariakani au Malindi. Mjini na kwenye maegesho ya ghorofa inagonga dari. Robo wimbi inakaa salama na tofauti ya mjini ni ndogo.

#8 Fundi Waya

Kuhusu kukata antena mpya. Nyingi zinatengenezwa kwa soko la Marekani ambako bendi ni 144 hadi 148. Yetu, Kanda ya 1 ya kimataifa ambamo Afrika imo, ni 144 hadi 146. Pima SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena, 1 ndiyo bora) kwenye 144.1, 145 na 145.9. Ikishuka kadiri unavyopanda, antena ni fupi, irefushe kwa kulegeza skrubu. Ikipanda kadiri unavyopanda, ni ndefu, kata. Kwa robo wimbi kila milimita 3 na kidogo ni sawa na MHz 1 nzima, kwa hivyo kata milimita moja moja. Anayekata sentimita atanunua fimbo nyingine.

1.5 ni nzuri, inarudisha asilimia 4 tu. 2 inarudisha 11, bado unaongea. 3 inarudisha robo nzima: acha kurusha, tafuta kosa. Pima milango ikiwa imefungwa na wewe uko ndani au mbali na gari, sio umeegemea paa.

#9 Kijana wa Mikindani

Na tuktuk? Paa ni turubai.

#10 Bi Mkubwa 145

Sumaku huna pa kuiweka na robo wimbi huna bati lake. Chukua antena ya nusu wimbi, ya karibu mita moja, ambayo haihitaji bati. Funga kwenye bomba la fremu. Nguvu iwe wati 10, chaji ya tuktuk ni ndogo na taa usiku zinaila yote. Kama unasikia tatatata inayopanda na mwendo wa injini, angalia plagi ya injini: ya NGK iwe na herufi R kwenye namba yake, hiyo ina kizuizi ndani cha kupunguza kelele.

#11 Trela la Miritini

Sisi wa malori je? Volti 24, betri mbili. Fundi mmoja anasema unachukua 12 kutoka betri moja ya chini, ile ya upande wa hasi, basi.

#12 Fundi Waya

Usikubali, ndugu. Ile betri moja itakuwa inatoa kwa redio na kwa lori, mwenzake anatoa kwa lori tu. Altaneta inaziona kama moja ya 24, hivyo ya chini haijai na ya juu inazidishiwa chaji hadi inachemka. Baada ya miezi unabadilisha zote mbili.

Nunua kibadilisha volti, 24 kwenda 13.8, ampea 20 za kudumu. Soma karatasi: ampea 20 za sekunde chache sio ampea 20. Fyuzi ya 15 upande wa 24, karibu na betri. Kifunge kwenye bati tupu ili kipoe, mbali na redio na mbali na kebo ya antena kadiri uwezavyo. Vibadilishaji hivi hukata umeme kwa kasi na vingine vinapiga kelele ambayo redio inaisikia. Jaribu kabla ya kulipa: washa redio kwa betri ya pembeni, sikiliza masafa matupu, kisha washa kibadilishaji.

#13 Nyali FM

Kelele kwangu ni mluzi unaopanda na kanyagio la mafuta. Napokea nao, na wengine wanasema wanausikia nikirusha.

#14 Mzee wa Simpleksi

Wakiusikia wao, unaingia kwa waya wa umeme, sio kwa antena. Ni altaneta. Hakikisha chanya na hasi zinakwenda pamoja zikiwa zimesokotana, na kwamba hujachukua chanya kwenye sanduku la fyuzi la ndani. Ukiwa umefunga betri vizuri na mluzi bado upo, altaneta yenyewe huenda ina dayodi iliyokufa. Pima volti za AC kwenye betri injini ikiwa juu: ikizidi nusu volti, mpelekee fundi wa altaneta.

Kelele isiyobadilika na injini ni kitu kingine. Chomoa chaja ya simu. Chomoa kamera ya kioo. Zima taa za LED. Chaja za bei ya chini ndizo adui wa kwanza, na unaweza kupoteza siku nzima ukitafuta kwenye injini. Feraiti za kubana (pete za kuzima kelele kwenye waya): aina ya 43 kwa VHF, 31 kwa HF, karibu na kifaa kinachopiga kelele, waya uzungushwe mara nyingi inavyowezekana.

#15 Pwani Hadi Voi

Joto limesahaulika. Wati 50 zinakwenda hewani, na redio inakula kama wati 150. Hizo 100 zinabaki ndani ya kisanduku. Gari lililoegeshwa juani wakati wa kaskazi, vioo vimefungwa, ndani kunaweza kufika nyuzi 60, na redio nyingi zimeandikwa mwisho wake ni nyuzi hizo hizo 60. Ukiingia na kurusha hapo hapo unaanzia kwenye ukingo. Fungua milango, acha hewa, anza na nguvu ya chini.

Kisanduku chini ya kiti ni sawa ikiwa zulia halizibi mapezi ya kupoozea na feni inapata sentimita tano za nafasi. Pia maji: gari likivuja wakati wa mvua za mwaka, chini ya kiti ndiko yanakokusanyika. Kiinue kwa vipande vya mbao au mabano. Kichwa chenye skrini funga penye kivuli, sio juu ya dashibodi.

Na jamani, punguzeni wati. Kutoka 50 kwenda 25 ni desibeli 3, nusu ya alama moja ya S (kipimo cha nguvu ya mawimbi kwenye skrini). Mwenzako hatagundua, lakini feni yako itagundua. Ukiwa kwenye kivuko cha Likoni, watu wamebanana na bega la mtu liko karibu na antena yako, weka wati 5 au nyamaza hadi ng'ambo. Fimbo inayorusha inaunguza ukiigusa. Kituo cha mafuta, usirushe kabisa.

#16 Kijana wa Mikindani

Simpleksi, yaani redio kwa redio moja kwa moja, nafika wapi na wati 50?

#17 Pwani Hadi Voi

Wati sio hoja, hoja ni urefu. Chukua urefu wa antena kwa mita, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita hadi upeo wa macho wa redio. Gari lenye antena mita 2 juu ya ardhi: kama 5.8. Magari mawili kwenye tambarare: kilomita 11 na ushei, majengo na minazi yakipunguza. Sasa mmoja apande Shimba Hills, mita 400 hivi: 82, jumlisha 5.8 zako, unakaribia 90. Ndio maana mtu wa Kwale aliye mlimani na wati 5 anamshinda aliye Tudor na wati 50.

Bahari inabadilisha hesabu hii. Hewa ya joto kavu ikilala juu ya hewa yenye unyevu juu ya maji, mawimbi yananaswa katikati na kwenda mbali mno kupita upeo. Tanga ni kama kilomita 130 tu kwa mstari. Jioni tulivu, egesha penye uwazi wa bahari upande wa kusini, sikiliza 145.500 ambayo ndiyo ya kuitana kwa FM kwenye Kanda yetu, ukijibiwa hameni masafa. Kolsaini za Tanzania huanza na 5H.

Ukitumia ripita (kituo kinachopokea na kurusha tena sauti yako), programu redio ukiwa umeegesha. Shifti ya 2 m, yaani tofauti kati ya masafa ya kurusha na ya kupokea, ni 600 kHz. Redio ya soko la Marekani hujipangia shifti kwa mpango wa kule, zima hiyo na uweke kwa mkono. Toni ya CTCSS (sauti nzito inayofungua ripita) ikikosewa, utaisikia ripita lakini haitafunguka. Na ukiambiwa sauti yako ni ndogo ingawa S imejaa, angalia kama umeweka mkao mwembamba wa 2.5 kHz wakati wenzako wako kwenye 5. Kabla ya kusogeza maiki mdomoni, angalia hiyo.

#18 Trela la Miritini

Na HF ya safari ya Mombasa hadi Malaba?

#19 Mzee wa Simpleksi

Anza na bendi ya mita 20 (14 MHz). Ile ya mita 40 (7 MHz) kwa fimbo ya mita 2.5 ni tabu: upinzani wa mionzi (ule unaogeuza nguvu kuwa mawimbi) ni ohmu 2 hivi, hasara za bodi na koili ni nyingi zaidi, kwa hivyo sehemu kubwa ya wati 100 inapasha joto koili na lami. Antena fupi ya HF ikikuonyesha SWR 1.1 bila kifaa cha kulinganisha, usifurahi, huenda hasara ndizo zinazojaza hadi ohmu 50. Iliyo nzuri mara nyingi huanza na 2 hivi. Unganisha kebini, boneti na chesi kwa ukanda mpana wa shaba iliyosukwa, kipande kifupi iwezekanavyo. Bawaba za mlango hazihesabiki, zina grisi.

#20 Nyali FM

Swali la mwisho. Baada ya mvua SWR imeshuka kutoka 1.6 hadi 1.1 bila kugusa kitu. Lakini wa Mtwapa hawanisikii tena.

#21 Fundi Waya

Maji yameingia kwenye kebo. Kebo inayomeza nguvu humeza ya kwenda na ya kurudi, hivyo mita ya SWR iliyo karibu na redio haioni kinachorudi na inakupongeza.

Thibitisha hivi. Ondoa antena juu, acha ncha wazi. Chini unga NanoVNA au kifaa kingine cha kupima, usitumie redio. Kebo ya RG-58 iliyo nzima hupoteza kama desibeli 20 kwa mita 100 kwenye 145, kwa hivyo mita 5 zako ni desibeli 1 na ncha ikiwa wazi utasoma SWR karibu 9. Ukisoma 3, nusu ya nguvu inapotea kabla ya kufika juu. Ukisoma chini ya hapo, hata usiulize.

Kata sentimita 30 upande wa antena, angalia wavu wa shaba. Ukiwa unang'aa, lehemu plagi mpya ya PL-259. Ukiwa mweusi au wa kijani, kata tena. Ukiwa mweusi mpaka nusu, tupa yote, kebo mpya ni rahisi kuliko muda wako.

Kuziba: tepu ya raba inayojishika yenyewe kwanza, ivute hadi ipungue upana kwa nusu, anzia chini kupanda juu ili mikunjo ielekeze maji nje. Juu yake tepu nyeusi ya kawaida, kipande cha mwisho bila kuvuta. Tepu nyeusi peke yake hufungia maji ndani. Kabla kebo haijaingia garini iache ining'inie kitanzi kuelekea chini, maji yadondokee hapo na sio kwenye zulia.

#22 Nyali FM

Imesoma 2.4. Kebo inatoka leo.